Mchuzi wa Katikati ya Meza

"Katikati ya meza tuweke nini?" Shangazi Mwiko aliuliza, kalamu ikisubiri juu ya daftari.

Simu ilikuwa imetulia mikononi mwa bi harusi, macho yameganda kwenye kioo.

Shangazi Mwiko hakuwa shangazi wa damu. Alikuwa mpishi wa sherehe, jirani wa ukuta kwa ukuta, na jina lile alipewa na mtaa kwa kuwa mwiko haukumtoka mkononi. Siku hiyo walikuwa jikoni kwake wakipanga bafe ya wanawake arobaini, watakaokuja Jumamosi kumpa bi harusi zawadi na nasaha.

"Nimeandika saladi mwanzo, halafu wali, halafu viazi vya kuoka. Nyama mwisho kabisa. Mgeni akiifikia, sahani imeshajaa, anaona haya mwenyewe. Sasa katikati?"

"Soma hii, Shangazi."

Ujumbe ulitoka kwa mama mkwe: "Mwanangu, katikati ya meza nataka ule mchuzi wako wa kuku. Upike kwa mkono wako. Jumamosi asubuhi nitakuja nikukatie vitunguu, nami nijifunze."

Shangazi Mwiko alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale.

Maana mchuzi ule haukuwa wa bi harusi. Mwaka na nusu, kila mchumba alipokaribishwa au mama yake alipopelekewa chakula, Mwiko ndiye aliyepika. Kazi ya bi harusi ilikuwa kuuhamishia kwenye sufuria yake, kuipaka masizi kidogo chini, na kujipaka unga shavuni. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, baba akamlea kwa chakula cha kununua. Gauni aliweza kukushonea kwa kukutazama tu, bila kipimo. Kitunguu kilimshinda.

"Nikupikie Ijumaa, wewe upashe tu?"

"Atakuwepo, Shangazi. Atanitazama mikono."

"Basi funga kidole bandeji, useme umejikata."

"Na Jumapili? Na mwakani? Nitafunga vidole vingapi?"

Bi harusi aliinua simu. Akampigia mchumba wake, fundi umeme, aliyekuwa kazini.

"Uko juu ya ngazi?"

"Niko juu. Kuna nini?"

"Shuka kwanza."

Ngazi ililia. "Nimeshuka. Sema, unanitia wasiwasi."

"Ule mchuzi sijawahi kuupika. Hata mara moja. Anapika Shangazi Mwiko."

"Na maharage?"

"Yeye."

"Na keki ya siku yangu ya kuzaliwa?"

"Yeye."

Simu ikakatika.

Alimwandikia: "Nisamehe." Akaona ujumbe umesomwa. Jibu halikuja. Akapiga, haikupokewa. Shangazi Mwiko akachambua mchele wa sahani nzima, kisha akauchambua tena.

Nusu saa baadaye mlango ukagongwa. Mchumba aliingia na bisibisi mfukoni, vumbi la dari nyweleni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa."

"Nitasimama." Akamgeukia bi harusi. "Kazini wananiita Bwana Mchuzi, kwa sifa ninazokumwagia. Unajua hilo?"

"Najua."

"Sikuoi kwa ajili ya sufuria. Lakini nilikuuliza umetia nini humu, ukanitajia viungo kimoja kimoja, macho makavu. Siku ukiwa na jambo kubwa, nitalijuaje?"

"Siku ya kwanza ulikula ukanyamaza, kisha ukasema umefika nyumbani. Nikaona haya kusema si changu. Mara ya pili ikawa ngumu zaidi. Niliogopa ukijua sikufundishwa jiko, utaniona nimepungua." Akainua kidole. "Leo nilikuwa na njia ya kufunga kidole, nisingizie nimejikata. Nimekupigia wewe."

Mchumba akachomoa bisibisi mfukoni, akaiweka mezani.

"Na mama atajua kwa nani?"

"Kwangu."

"Mpigie. Nipo hapa."

Alipiga, akaweka spika, akaeleza yote bila kupumzika. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho.

"Huyo Mwiko yupo hapo?"

"Nipo, mama."

"Vitunguu unavikaanga mpaka rangi gani?"

"Mpaka viwe kahawia, lakini visianze kuwa vichungu."

"Basi pika wewe. Na wewe mkwe wangu, nimeumia, sitakuficha. Uongo wako nimeula mpaka nikaomba kuongezewa. Jumamosi wifi zako watakucheka, nami nitacheka nao. Lakini kuanzia Jumanne utakuja kwangu. Ukiunguza, tutakula hivyo hivyo. Mtoto aliyekosa mama hafundishwi kwa sufuria za jirani, anafundishwa na mama mwingine."

Bi harusi alifunika uso kwa mikono, akalia.

Shangazi Mwiko alipenga kamasi, akashika kalamu. "Katikati, mchuzi wa kuku. Mpishi, mimi. Vinywaji?"

"Juisi," akasema bi harusi, akijifuta. "Na chai. Chai nitapika mwenyewe."

Mchumba akainua kichwa. "Ile chai chungu unayoninywesha kila Jumapili?"

"Ile ni yangu kabisa. Hakuna aliyenisaidia."

Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Hilo," akasema, "sikuwahi kulitilia shaka."