Kibodi Chini ya Mawe

Siku ile mjinga alikuwa Mugeta, na mwenyewe hakatai. Mkute ufukweni Musoma anapotengeneza mitumbwi, umuulize. Atacheka kwanza, apanguse vumbi la mbao usoni, kisha akwambie, "Ee, ni mimi. Wenzangu ujinga waliumaliza utotoni. Mimi nilijiwekea akiba."

Mke wake, Marcelina, ni mchapaji. Ana meza yake kwenye steshenari moja pale Kitaji. Maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, ratiba za harusi, vyote vinapita kwenye vidole vyake. Na vidole hivyo vilikuwa na mbio! Mteja akitafuta pa kukaa, kazi yake imeshaisha.

Halafu mkono wa kulia ukaanza visa. Marcelina akiamka asubuhi, dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vina ganzi. Anautikisa mkono kama anafukuza nyuki. Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka, kikavunjika.

Na ganzi ilichagua wakati mbaya. Marcelina alikuwa ameitwa Bunda kwenye usaili. Ofisi moja ilitaka katibu muhtasi, na kila mwombaji angepimwa kuchapa. Ni kazi ya kudumu, kazi aliyoiota tangu akiwa msichana. Usaili ni mwezi ujao, na mkono ndio huo!

Kaka yake Mugeta, Eliasi, analima pamba huko Bunda. Aliposikia habari hizo kwenye simu, alicheka mpaka akakohoa.

"Mura, ndugu yangu, mkono unauma kwa kubonyeza vitufe? Mwambie shemeji aje kwenye pamba, aone mikono inavyouma!"

 Marcelina alikwenda nyumba ya pili kwa Stellah, jirani yao. Stellah anafanya kazi hospitalini, anatibu watu kwa mazoezi ya viungo.

"Chapa hapo mezani, kama uko kazini," Stellah alisema.

Marcelina akachapa juu ya meza tupu. Stellah hakumwangalia usoni. Aliangalia mikono.

"Ona, viganja vyako vimegeukia nje kama miguu ya bata. Na vifundo vya mikono umevikunja kwenda juu. Hapo kwenye kifundo mshipa wa fahamu unapita kwenye njia nyembamba. Ukikikunja kutwa nzima, unaubana."

"Sasa dada, nitachapaje bila kukunja?"

"Kwanza umwone daktari. Ganzi si kitu cha kunyamazia. Halafu utafute kibodi iliyoinuka katikati kama mgongo wa kobe. Vitufe vyake vimegawanyika, vingine mkono huu, vingine mkono huu. Hiyo inaacha mikono ilale kama ilivyoumbwa. Lakini usinunue kwa macho! Iwekee mikono pale pale dukani. Kifundo kikinyooka, mabega yakishuka, hiyo ni ya kwako. Na vitufe viwe laini. Vikitaka nguvu, viache huko huko."

Daktari alimpima, akasema tatizo ni mshipa kubanwa. Akampa kifaa cha kufunga kwenye kifundo wakati wa kulala. Marcelina akaanza kuzunguka madukani.

Duka la kwanza, kijana alimtolea kibodi inayowaka rangi zote.

"Chukua hii dada, ina taa!"

"Mimi nachapa, mdogo wangu, sivui dagaa."

Duka la mwisho aliipata. Alipoweka mikono juu yake, alihisi mabega yanashuka yenyewe. Alirudi nyumbani mbio, akaacha boksi mezani, akatoka kumwita Stellah.

Ndipo Mugeta akaingia. Akafungua boksi.  Kibodi imepinda! Katikati imevimba, pembeni imelala.

"Wamemwibia mke wangu," alisema peke yake. "Hii imeachwa juani."

Mume mwema haachi mke aone hasara kama hiyo. Fundi naye hashindwi na kitu kilichopinda. Mugeta aliilaza kibodi sakafuni, akaweka ubao juu yake, akaanza kupanga mawe juu ya ubao. Alikuwa anapiga mluzi wanawake walipoingia.

"Baba Lilian! Unafanya nini?" Marcelina aliuliza.

"Tulia mama. Wamekuuzia iliyopinda. Ubao ukipinda tunaunyooshaga hivi hivi. Mpaka jioni itakuwa sawa kama rula."

Marcelina alipiga yowe. Alitupa mawe, akavuta ubao. Vimiguu viwili vya nyuma ya kibodi vilikuwa vimevunjika. Machozi yakamlenga. Usaili unakuja, na kibodi yenyewe ndiyo hiyo!

"Iliumbwa hivyo, shemeji!" Stellah alisema. "Mgongo huo ndio dawa yenyewe!"

Mugeta alikauka kama kambare wa moshi.

Marcelina aliichomeka kibodi kwenye kompyuta yao ya nyumbani. Akabonyeza herufi moja. Ikatokea. Akabonyeza nyingine. Ikatokea.

"Inaandika! Jamani, inaandika!"

"Na vile vimiguu?" Mugeta aliuliza kwa sauti ya chini.

Stellah alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu. "Ningemwambia avikunje hata hivyo. Vikisimama, vinainua kibodi nyuma, vifundo vinakunjika tena. Shemeji, umevivunja kitaalamu!"

Kisha akamketisha Marcelina. Meza ilikuwa juu mno, mabega yalikaribia masikio.

"Hapa sasa tunamtaka fundi," Stellah alisema.

Mugeta hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alileta msumeno. Stellah akaelekeza: viwiko vikae karibu na mbavu, vikunjike kama herufi L, nyayo zikanyage chini. Mugeta akapima, akakata miguu ya meza, akapima tena. Siku iliyofuata alikwenda steshenari, akaomba ruhusa, akakata na ile ya kazini.

Siku za kwanza zilikuwa chungu. Vidole vilipotea njia. Barua ya mistari michache ilimtoa jasho.

"Nairudisha dukani," Marcelina alisema.

"Hujaizoea," Stellah alimwambia. "Jifunze kidogo kidogo, usijifunzie kwenye kazi ya mteja. Na usipige vitufe kama unaua siafu, viguse tu. Hapo mbele pa kuwekea viganja ni pa kupumzikia. Ukichapa, mikono ielee. Kila baada ya muda simama, unyooshe vidole."

Akafuata. Siku hadi siku mbio zikarudi. Asubuhi moja aliamka, akakunja vidole, akavikunjua. Vyote vilikuwepo, ganzi hakuna! Alimwamsha Mugeta kwa kumfinya.

"Unaniumiza!"

"Basi mkono umepona!"

Alikuwa ameomba mapema aende Bunda na kibodi yake. Msimamizi wa usaili aliigeuza, akaikagua, akaruhusu. Waombaji wengine walimchungulia wakicheka. Kengele ilipolia, wakaacha kucheka. Marcelina alichapa kama mvua juu ya bati.

Jina la aliyepata kazi lilipobandikwa, lilikuwa lake. Mugeta alirukaruka getini mpaka mlinzi akamuuliza kama ni yeye aliyeajiriwa.

Walikula kuku kwa Eliasi. Lakini Eliasi, paja la kuku mkononi, alikuwa bado hajakubali.

"Hongera sana, shemeji. Ila vidole ni vyako, ungeshinda tu. Mtu wa kazi hatafutagi vitu vilivyopinda. Kifaa cha kazi ni kile kilichonyooka!"

Marcelina alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Shemeji Eliasi, jembe lako nalo limepinda. Kesho linyooshe liwe sawa na mpini, halafu utuite tuje tuone unavyolima."