Kahawa ya Wijdan

Kila asubuhi, kabla ya vipindi, wasichana wa shule moja mjini Ajlun hupanga mistari uani, huimba wimbo wa taifa, kisha husikiliza redio yao ya shule. Redio yenyewe ni kipaza sauti kimoja na spika inayokwaruza, lakini Taghrid wa darasa la sita hukishika kipaza sauti hicho utadhani amezaliwa nacho. Sauti anayo, na ulimi anao wa kutosha watu watatu.

Jumapili moja, siku ya kwanza ya juma la masomo huko, alimaliza kusoma habari za hali ya hewa, akaona wenzake wanapiga miayo. Akataka kuwachekesha.

"Na sasa shairi," akatangaza, "litasomwa na Wi-Wi-Wi-Wijdan wa da-da-da…"

Ua mzima ukaangua kicheko. Wijdan, ambaye kweli ana kigugumizi, aliinamisha kichwa. Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Jumatano bibi yake alipiga simu: mtoto amesema shule basi, hataki tena.

Mwalimu mkuu, Bi Inaam, alimwita Taghrid ofisini.

"Nisimamishe masomo wiki mbili, Mwalimu," Taghrid alisema huku akilia. Alitaka tu yaishe.

"Ukalale mpaka adhuhuri? Wewe ukilala, Wijdan atarudi?" Bi Inaam akatikisa kichwa. "Leo jioni tunakwenda kwao. Mimi na wewe."

Taghrid akasihi: "Mwalimu, tafadhali, nitamwandikia barua."

"Ulimwumiza kwa mdomo, utamwomba radhi kwa mdomo."

Huko nyumbani, bibi yake Wijdan, Bi Fidda, aliwakaribisha wakae kwenye magodoro ya kukalia sakafuni, akawamiminia kahawa chungu. Bi Inaam akakiweka kikombe chake chini bila kuonja. Mgeni aliyekuja na ombi hanywi mpaka akubaliwe. Hilo hata watoto wa Ajlun wanalijua. Taghrid naye alilijua vizuri. Lakini woga ulimsahaulisha, na alipopewa kikombe akakinywa chote kwa mkupuo mmoja.

Bibi akakitazama kikombe kitupu.

"Ehee," Bi Fidda akasema. "Huyu ameshajisamehe mwenyewe."

Taghrid alitamani ardhi ipasuke immeze. Masikio yalimwaka kwa aibu. Bi Fidda akamjazia tena, akakiweka kikombe chini mbele yake.

"Haya, binti, anza upya. Na kahawa hii si yangu mimi. Ni ya Wijdan."

Wijdan alikuwa amekaa karibu na mlango, akitazama zulia.

"Tulikuwa tunatani…" Taghrid alianza, macho yake yakakutana na ya Bi Inaam. Akaanza tena. "Hapana. Nilikucheka mbele ya shule nzima ili watu wanisifu. Nilijua utaumia, na bado nikafanya. Naona haya, Wijdan. Nisamehe, urudi shule."

Wijdan akafungua kinywa. "Ku-ku-ku…"

Neno likakwama. Bibi hakumsaidia, mwalimu hakumharakisha. Taghrid alishalijua neno lenyewe, lakini akauzuia ulimi wake, labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akangoja. Aliiona shingo ya mwenzake ikikaza na jasho likimtoka kwenye paji la uso, taabu yote ile kwa neno moja tu. Hiyo ndiyo taabu aliyoifanyia mzaha. Machozi yakamdondoka.

"Ku-ku-nyweni," Wijdan akasema hatimaye. "Na ke-kesho nakuja shule."

Kahawa ilikuwa imepoa. Wakainywa hivyohivyo.

Njiani Taghrid aliuliza kwa sauti ndogo, "Na adhabu yangu, Mwalimu?"

"Ningekusimamisha masomo, ungenichukia mimi, na Wijdan angebaki ndani kwao," Bi Inaam alisema. "Mtu akimwumiza mwenzake, hatumwumizi na yeye ili tulingane. Tunampeleka akamtazame usoni, arekebishe alichoharibu. Umemtazama?"

"Nimemtazama, Mwalimu."

"Basi usikisahau ulichokiona."

Taghrid akaitikia kwa kichwa. Bado alikuwa anaona haya, na Bi Inaam hakujaribu kumwondolea.