Njoo Penye Joto

Feni ndogo ya mezani ilikuwa inazunguka. Hilo peke yake si ajabu, kazi ya feni ni kuzunguka. Ila waya wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa mpira, umelazwa kando ya kibodi, haujachomekwa popote.

Mpiga chapa aliitazama akiwa ameshika beseni. Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa na nguo za kuanua, chungu motoni, na kurasa thelathini za kuchapa kabla ya Ijumaa. Akaisimamisha feni kwa kidole, akajiambia ni upepo wa dirishani, akaenda zake uani. Aliporudi ilikuwa inazunguka tena. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Meza yake ilijaa vidude vya namna hiyo. Mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa na kibanda cha vifaa vya kompyuta, na kila kilichomdodea alimletea dada yake. Taa yenye shingo ndefu kama ya bata. Kisahani cha kupasha kikombe. Glovu zilizokatwa ncha za vidole, zinazopata joto zikichomekwa. Kobe wa plastiki anayenyonya makombo katikati ya vitufe. Vyote hunyonya umeme kwenye kidude kimoja chenye matundu saba ya USB, kilichochomekwa kwenye kompyuta, kama watoto wa paka kwenye titi.

"Meza hii siku moja itatembea yenyewe," Fundi alizoea kumtania.

"Ikitembea ipitie jikoni ikapike. Humu ndani kobe peke yake ndiye anayenisaidia, na hata hajaoa."

Aliyekuwa akizicheka sana kauli hizo ni binti wa mpiga chapa, wa miaka minane. Jina la nyumbani aliitwa Kicheko, na hakupewa bure. Kila akitoka shule aliingia chini ya meza na madaftari yake, akaegemea miguu ya mama yake, akawa anajichekea na hesabu zake huko huko chini. Siku hiyo ya feni alikuwa kimya.

"Una nini wewe?"

"Baridi, Mama."

Nje jua lilikuwa linapiga bati mpaka linalia. Mpiga chapa aliinama akamgusa paji la uso. Homa hakuwa nayo. Alikuwa wa baridi kama mtungi uliolala kivulini. Akamfunika khanga, akampa uji wa moto, akarudi kwenye kazi, kwani kazi haisubiri mtoto apone.

Kesho yake, saa ile ile, kahawa ilichemka kwenye kile kisahani. Si kupata joto, kuchemka, ikatoka povu na kumwagika mezani, na chumba kikajaa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Alipogeuka kutafuta tambara aliziona glovu. Zilikuwa zimelala chali kando ya kibodi, na vidole vyake vitupu vilikuwa vinakunjika na kukunjuka, taratibu, kama vya mtu anayeota moto.

Mpiga chapa hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kutafuta swichi. Kisichochomekwa hakiwaki, alijisemea, na akachomoa nyaya zote, mmoja baada ya mwingine, akaichomoa na kompyuta ukutani, akasimama kati ya chumba mikono kiunoni, akisubiri.

Taa ya shingo ya bata iliwaka zaidi. Kobe akaanza kuvuma na kutambaa juu ya vitufe. Feni ikashika kasi mpaka karatasi zikaruka, na katikati ya mvumo huo, kutoka chini ya meza, ukasikika mlio mwingine mdogo, mkavu, wa haraka, ambao ilimchukua muda kuutambua kuwa ni meno ya mwanawe yanayogongana.

Alimvuta nje. Midomo ya Kicheko ilikuwa imekuwa rangi ya wino.

Fundi alipoitwa alifika mbio akiwa bado na bisibisi mkononi. Aliangalia meza, akatoa kipima umeme chake, akakigusisha kwenye taa, akakisoma, akakipangusa kwenye suruali akakisoma tena.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Umeme unaingia."

"Unatoka wapi? Nimechomoa kila kitu."

"Ndiyo nakuuliza mimi."

Hapo ndipo mpiga chapa alipoziona zile nyaya. Alizitupa ovyo sakafuni, hilo alilikumbuka vizuri, huu huku na ule kule. Sasa zilikuwa zimelala sambamba, na vichwa vyake vya chuma vyote vimeelekea upande mmoja, kwenye mkeka alipolazwa Kicheko chini ya mablanketi mawili. Mpiga chapa alimbeba mtoto, akampeleka chumba cha pili, akamlaza, akarudi akinyata na kuchungulia mlangoni, na alichokiona kilimfanya aushike mwimo wa mlango kwa mikono miwili, kwa maana vile vichwa vilikuwa vinageuka, polepole, vikikwaruza sakafu kwa sauti ya kucha, vikimfuata mtoto, mpaka vikasimama vikiwa vimeutazama mlango, na yeye mwenyewe akiwa amesimama katikati ya njia yao.

"Twende tuvichome moto vyote," Fundi alinong'ona.

"Vikiungua na yeye je? Huoni vimemshika?"

Fundi aliokota karatasi moja iliyorushwa na feni. Akauliza, "Wiki hii ulikuwa unachapa nini?"

Mpiga chapa hakupenda kulijibu hilo, lakini alimweleza. Mtafiti mmoja wa chuo alimletea rekodi za waganga wakitibu wagonjwa, zichapwe neno kwa neno. Naye alikuwa na mtindo wake wa kazi. Akikanyaga kanyagio la mguuni rekodi inasema, akiinua mguu inanyamaza. Kisha anaitamka sentensi kwa sauti yake mwenyewe ndipo anaichapa. Wenzake walimcheka kwa hilo, lakini kazi yake haikurudishwa hata siku moja. Katika rekodi ya saba mgonjwa alilalamikia baridi, na mganga akasema na kilichokuwa ndani yake: Toka kwa mwenzio. Njoo penye joto. Njoo ukae. Yale maneno aliyatamka mara tatu ili asikosee, glovu za moto zikiwa mikononi.

"Mara tatu," Fundi alirudia. "Dada! Hata mbuzi akiitwa mara tatu anakuja."

"Niache. Nipe simu nimtafute huyo mtafiti, anitajie huyo mganga alipo."

Mganga alikuja siku iliyofuata, adhuhuri. Alikuwa bibi mfupi mwenye macho makali, amevaa koti zito la sufu lililofungwa vifungo mpaka kidevuni, na hakuwa na tone la jasho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Alimtazama Kicheko, ambaye sasa hakuweza kusema, akamfunika vizuri. Kisha akasimama mlangoni pa chumba cha kazi, ambako vidude vyote vilikuwa vinawaka na kuvuma mchana kweupe, na akavisikiliza kama mtu anayesikiliza kikohozi.

"Ulimwita."

"Nilikuwa nachapa, Bibi. Sikujua."

"Ulipomaliza kumwita ulikaa?"

Mpiga chapa alifikiri. "Niliondoka. Mboga ilikuwa inaungua."

"Na mtoto?"

"Alikuwa chini ya meza."

Bibi alitikisa kichwa. "Basi. Mgeni alibisha hodi, mwenyeji yuko jikoni. Akamkuta aliyebaki. Na wewe ukachomoa nyaya. Alikuwa anakunywa kwenye ukuta na kwa mtoto pia. Ukamwachia mtoto peke yake."

Fundi alitazama sakafu. Mpiga chapa alimsogelea bibi. "Yamekwisha hayo. Nipe maneno ya kumfukuza. Sikuifikisha rekodi mwisho, yapo huko mbele?"

"Hakuna kitu huko mbele. Mwisho wake ndiyo huo uliousikia: njoo, ukae. Unadhani wakitoka wanakwenda wapi, baharini? Mganga ndiye anayembeba." Alifungua kifungo kimoja cha koti, akamshika mpiga chapa mkono, akauingiza ndani juu ya kifua chake. Ulikuwa kama mkono uliotiwa kisimani. "Ninao watatu. Nikimchukua wa nne hamtanifikisha nyumbani."

Feni ilikuwa inavuma.

"Nimchukue mimi," Fundi alisema, huku akirudi nyuma hatua moja.

"Wewe hukumwita," bibi alimjibu. "Na umemwogopa. Hatakaa kwako, atakumaliza kwa siku moja."

"Mimi atanimaliza kwa siku ngapi?" mpiga chapa aliuliza.

"Wewe unakula vizuri? Unalala?"

"Nina mtoto na kazi mbili, Bibi. Nilale saa ngapi?"

"Utaishi," bibi alisema. "Atakunywa kidogo kidogo. Utazoea."

Mpiga chapa aliwatoa nje wote wawili. Aliketi sakafuni chumba cha pili, akamfunua mwanawe na kumpakata kifua kwa kifua. Mlango aliuacha wazi, macho akayafumba. Akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kazini, bila haraka, kila neno mahali pake: "Toka kwa mwenzio. Njoo penye joto. Njoo ukae." Alisema mara ya pili. Mara ya tatu vidude vilizimika vyote kwa pamoja, na katika ukimya huo alisikia zile nyaya zikikwaruza sakafu, zikivuka kizingiti, zikija, na hakufumbua macho, wala hakuinuka, ingawa jikoni chungu kilikuwa kinafurika na kuungua, hakuinuka, mpaka kitu kikampita kooni kama maji anayoyameza mtu asiye na kiu, kikashuka, kikajipanga, kikatulia chini ya mbavu.

Kicheko alimsukuma. "Mama, niachie! Una baridi!" Alikuwa anatoka jasho. "Nasikia njaa. Nani kaunguza chakula?"

"Mjomba wako. Nenda ukamdai mkate."

Mtoto alitoka mbio. Uani Fundi alisema jambo, na kicheko kikapasuka hadi kwa jirani. Mpiga chapa alisikiliza mpaka kikaisha. Kisha akapangusa meza, akachomeka kompyuta ukutani, akakaa. Kesho ilikuwa Ijumaa.

Alikuwa amefika katikati ya ukurasa umeme ulipokatika. Redio ya jirani ilinyamaza, cherehani ya mshonaji wa ng'ambo ikasimama, na watu wakaguna mtaa mzima. Mbele yake skrini haikutetereka. Alitazama vidole vyake juu ya vitufe, kucha zake rangi ya wino, na baridi ikipanda kutoka kwenye viganja kuelekea viwiko.

Zilikuwa zimebaki kurasa nne. Akakanyaga kanyagio, akaendelea kuchapa, safari hii mdomo ameufunga.