Kibanio Namba Tatu

Sikilizeni, ninyi mnaosema mtu akifika miaka hamsini moyo wake unakauka kama samaki wa moshi.

Siku ile soko kuu la Kisangani lilikuwa limejaa mpaka watu wa toleka walishuka na kusukuma baiskeli zao kwa mkono. Célestin alikuwa nyuma ya duka la friji, anavizia. Fundi umeme, aliyefiwa na mke miaka sita iliyopita, shati lake limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi, ndiye yeye mwenyewe. Friji mpya ilitolewa ndani ya katoni, na kipande cha frigolite, cheupe na chepesi kama povu, kikaanguka chini. Akakishika. Upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine.

"Mama, achia. Mi njo nilianza kuiona."

"Macho yalianza, mikono ilichelewa."

Mwenye mkono alikuwa amejifunga liputa la kijani kiunoni, kitambaa cha bluu kichwani, na uzi mweupe wa cherehani umemganda begani. Alikuwa Honorine, mshonaji wa magodoro.

"Unataka kuifanyia nini? Kuikalia?"

"Natengeneza bawa."

"Bawa ya nini?"

"Ya ndege, papa. Ulifikiri ya kuku?"

Célestin akasahau kuvuta. Miaka yote alidhani mjini ni yeye na wanaume wengine watatu tu wenye wazimu ule wa kurusha vindege vya redio. Kumbe marehemu baba yake Honorine, katekista, alimwachia kindege cha mti wa kombokombo, pamoja na redio yake ya mkononi yenye antena ndefu. Kila kikivunjika, alikishona mwenyewe kama godoro.

"Unarushia wapi?"

"Nyuma ya nyumba, peke yangu. Majirani wanasema niko na majini."

"Bon. Jumapili, kisha misa, kuja Wagenia. Kule tuko na majini mengi."

Wakakata ile frigolite katikati.

Kiwanja chao kilikuwa karibu na maporomoko, pale wavuvi wanapofunga vikapu vyao vikubwa kwenye miti juu ya maji. Mkubwa wa kiwanja alikuwa Tonton Michel, mzee mwenye ubao uliobanwa vibanio vya nguo, kila kimoja na namba yake. Maana redio hizi za zamani zina namba za mawimbi, na mbili za namba ileile zikiwaka pamoja, ndege haijui tena bwana wake ni nani. Inaanguka. Kwa hiyo sheria ni moja: asiye na kibanio cha namba yake kwenye nguo, redio yake haiwaki.

Tonton Michel akageuza redio ya Honorine, akasoma nyuma. Akacheka.

"Tatu! Kama Célestin. Masikini ninyi, hamutaruka pamoja hata siku moja. Mumoja juu, mumoja chini."

Na mapenzi yao yaliingilia pale chini. Mmoja akirusha, mwenzake alikaa mkekani nyuma yake, wakaongea bila kutazamana. Mambo mengine ni mepesi kuyasema kwa mgongo wa mtu. Célestin alisema habari za marehemu mkewe. Honorine alisema habari za mume aliyemrudisha kwao kwa sababu hakuzaa.

Jumamosi moja Honorine alimpigia simu.

"Uko unafanya nini, chéri?"

"Nachoma waya ya ndege."

"Umekula?"

"Mukate."

"Mukate! Mwanaume muzima na mukate! Kesho nitakuletea lituma ya ndizi na samaki. Na uvae ile shati nyekundu, unakuwaka mutoto."

Célestin akacheka, simu imebanwa kati ya sikio na bega, kichomeo mkononi, mpaka moshi ukamwingia machoni.

Kesho yake alivaa shati jekundu. Alikuwa na neno la kumwambia Honorine, alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Akabana kibanio kifuani, akarusha. Kindege kikapanda vizuri, kikazunguka juu ya maji. Halafu kikakataa. Alivuta kulia, hakikuja. Alivuta juu, kikainamisha pua, na mto ukakimeza.

Akageuka. Honorine alikuwa ameingiza mikono ndani ya begi lake, antena ya redio imechungulia nje.

"Umewasha!"

"Mi? Kibanio iko kwa shati yako, nitawasha namna gani?"

"Mikono yako ilikuwa ndani ya sac!"

"Nilikuwa natoa sahani, Célestin. Sahani yako."

"Ndege haiangukake bure."

"Na mutu? Mutu njo anaangukaka bure?"

Watu walikuwa wanatazama, na haya ikamfanya Célestin kuwa mbaya kuliko alivyokuwa. "Kibanio naenda nayo," akasema. "Tutaona utaruka na nini."

Jumapili nne hakukanyaga kiwanja. Na Jumapili ni siku ngumu kwa mtu wa peke yake, hata jirani hapigi nyundo. Alikitundika kile kibanio kwenye msumari, karibu na picha ya marehemu. Kilining'inia pale hakibani kitu. Alikula mkate. Alikuwa na viti viwili, akakaa kimoja, akatazama kingine. Mara nyingine alianza kusema neno, akakumbuka hakuna mgongo wa kuuambia.

Baada ya Jumapili ya nne, mvuvi mmoja wa Wagenia, Yannick, akabisha na kitu kilichofungwa kwenye majani.

"Tonton, mutego yangu imekamata samaki yenu. Haina miiba, lakini inakataa kuiva."

Kilikuwa kindege, bawa moja limeliwa na mawe. Célestin akakifungua tumbo. Waya mwekundu wa betri ulikuwa umechomoka pale pa kuungia. Lehemu yake ilikuwa ya kijivu, imefifia kama majivu, lehemu iliyoshika nusu. Ilikuwa ya mkono wake. Ya Jumamosi ile, na kicheko cha Honorine sikioni.

Akakaa chini.

"Na yule mama wa kitambaa ya bluu," Yannick akaendelea, "mulimufanya nini? Anakuyaka kila Jumapili, anakaa na ndege yake kwa magoti, kisha anarudi. Tonton Michel alimuandikia kibanio mupya, akakatala. Eti namba tatu iko moja tu. Eti kama Célestin anarusha ingine fasi ya karibu, mi nikiwasha nitamuangushia."

Célestin alipiga simu mara tatu. Ya nne ikapokewa.

"Allô."

"Ni mimi."

"Nimeona jina."

"Honorine, ilikuwa soudure yangu. Waya iliachana."

"Rudilia."

"Ni mimi niliangusha ndege. Haikuwa wewe."

"Nilikuambiaka?"

"Uliniambia."

"Kesho asubui napanda boti ya baleinière, naenda Barumbu kwa dada yangu Simone. Kama uko na neno, kuja uiseme kwa macho. Kwa simu tulishaongeaka sana."

Bandarini watu walikanyagana kati ya mbuzi na mifuko ya chumvi. Honorine alikuwa amesimama na furushi na kindege chake kilichofungwa ndani ya shuka. Célestin hakuweza kusema lile neno la kwenye kioo. Alitoa kibanio, akakibana kwenye ukosi wa blauzi ya Honorine.

"Unisamehe, mama."

Honorine alikitazama. "Ulinikalisha chini Jumapili ine. Sasa na wewe ukae zako ine. Kibanio naenda nayo."

"Utarudi?"

"Sijue. Roho haiko redio, ya kuzima na kuwasha."

Basi Célestin akatoa kindege chake kingine cha zamani, na Jumapili ya kwanza akakaa mkekani nacho magotini. Ya pili vilevile. Ya tatu ikanyesha, akakaa.

"Weye, kibanio ni miti mbili na chuma!" Tonton Michel akamkemea. "Nikupe ingine uruke!"

"Namba tatu iko moja tu, tonton."

Hapo ndipo alipojua uzito wa kindege magotini. Ni kidogo kuliko mtoto mchanga, na kinachosha kuliko mfuko wa saruji.

Jumapili ya nne jua lilipanda, wenzake wakaruka, wakachoka, wakafunga vyao. Simu haikulia. Célestin alikuwa anakunja mkeka aliposikia mlio mwembamba juu ya maporomoko. Kindege kilikuja kutoka upande wa nyuma yake, bawa limeshonwa upya kwa kitambaa cha bluu. Hakugeuka. Mtu anayerusha hasumbuliwi. Alisubiri, macho juu, mpaka kiliposhuka na kukimbia majanini.

Honorine akaja mbele yake, kichwa wazi, vumbi la safari miguuni. Akachomoa kibanio kwenye ukosi, akakibana kwenye shati jekundu la Célestin.

"Zamu yako, papa."

Célestin akakitoa. Akavuta ncha ya liputa lake Honorine, akaikutanisha na shati lake, akabana vyote viwili pamoja.

"Niko na viti viwili," akasema. "Kimoja hakijakaliwa miaka sita. Kuja ukikalie. Kesho nitaenda kuona wakubwa wako."

"Sasa nani ataruka?"

"Leo hakuna."

"Célestin, watu wanaona."

"Waone."

Honorine alikishika kibanio kwa vidole viwili. Hakukifungua.

"Basi tembea pole pole," akasema. "Na tupite soko kwanza. Lituma haiivake na mukate."