Kitambaa Chekundu na Tochi ya Kichwani

Mimi ni fundi cherehani. Kila asubuhi nafagia chumba changu cha kazi, naokota pini zilizoanguka, natia mashine mafuta, ndipo nakaa kushona. Mume wangu hukaa mlangoni akinoa jembe. Watu humwita Kimya, na hawakukosea. Anaweza kumaliza birika zima la chai bila kutoa neno. Ukimuuliza kama sukari imetosha, anatikisa kichwa tu. Nimeishi naye miaka kumi na sita. Maneno ya nyumba hii nayasema mimi kwa niaba yetu sote.

Shamba letu linapakana na pori. Tunalima mahindi na mihogo, na nguruwe pori wanadhani tunawalimia wao. Giza likiingia huja kundi zima. Asubuhi unakuta mabua yamelala chini na mihogo imefukuliwa. Mwaka mmoja walikula zaidi ya nusu ya mavuno. Kimya akaenda kwa afisa wanyamapori kuomba kibali cha kuwawinda. Alipewa yeye pamoja na mdogo wangu, Mrefu.

Mrefu ni ndugu yangu, lakini ni rafiki wa mume wangu zaidi. Akiwa naye, hata Kimya huongea. Siku moja nilisikia mtu akicheka kwa sauti kule shambani. Nikatoka nje kuangalia ni mgeni gani. Kumbe ni mume wangu.

Wawili hao walikuwa na sheria yao. Kila mmoja alivaa koti la kaki lenye vitambaa vyekundu, kimoja kifuani, kimoja mgongoni. Nilivishona mimi kwa mkono wangu. Kabla ya kutoka, mmoja alimwambia mwenzake, "Penye nyekundu, usifyatue." Walikuwa na tochi ya mkononi yenye mwanga mweupe. Mmoja alimulika, mwingine alilenga. Miaka mitatu sheria hiyo iliwalinda.

Kisha Kimya akanunua tochi ya kichwani.

Alirudi nayo kutoka dukani akiwa na furaha. Ilikuwa na mkanda wa kuvaa kichwani na mwanga mmoja tu, mwekundu.

"Kwa nini nyekundu?" nikamuuliza.

"Muuzaji amesema mnyama haioni vizuri. Hatakimbia."

"Na muuzaji anawinda?"

Akaijaribu kichwani. Kizuri chajiuza, nilisema moyoni, kibaya chajitembeza. Lakini sikusema kwa sauti, na mpaka leo najilaumu kwa hilo.

Jioni ile ile walitoka. Kimya alikaa upande wa mihogo, Mrefu upande wa mahindi. Kila mmoja alitakiwa kubaki mahali pake. Baada ya muda Mrefu alisikia nguruwe nyuma yake. Akaona asogee. Alipita katikati ya mahindi akiwa ameinama, bila kusema neno, asije akawashtua.

Kimya akasikia mabua yanavunjika. Akageuza kichwa, mwanga wa tochi ukageuka nacho. Aliona kitu kimeinama, hatua kama ishirini hivi. Alitafuta nyekundu. Hakuiona. Akafyatua.

Nilisikia mlio nikiwa jikoni, kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu ikiniita. "Dada." Mara moja tu.

Marisau, zile chembe ndogo za risasi, yalimwingia pajani. Tulimbeba kwa mlango wa banda tuliouchomoa, hadi barabarani, hadi hospitali. Madaktari waliyatoa yote isipokuwa mawili. Mrefu alilazwa wiki tano. Alitoka akitembea kwa gongo. Afisa wanyamapori alichukua bunduki na kibali, na alikuwa na haki.

Mrefu hakutaka tena kumwona shemeji yake.

"Nilisogea, sawa, nilikosea," aliniambia. "Lakini alikuwa na tochi kichwani, dada. Kitambaa nilikuwa nacho. Hatua ishirini. Alikuwa anaangalia nini?"

Nyumbani nilimuuliza mume wangu swali hilo hilo. Akasema maneno matatu. "Sikukiona kitambaa, wallahi."

Sikumwamini. Nalisema wazi kwa sababu ni kweli. Niliona anajitetea. Nilimwambia, "Hukuangalia. Ungeangalia ungekiona." Akatoka nje. Tangu siku hiyo chakula alikula peke yake, na mimi nilimwacha. Nguruwe nao walikuja walivyotaka, maana hapakuwa na wa kuwazuia.

Miezi miwili ikapita hivyo. Asubuhi moja jirani yetu alileta suruali ya kutia kiraka gotini. Tunamwita Mzee Mgodi, kwa sababu alichimba madini chini ya ardhi miaka ishirini na saba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hii suruali imechoka kama mwenyewe. Ishone hivyo hivyo."

Alikaa kwenye benchi. Macho yake yakatua kwenye tochi. Nilikuwa nimeitundika kwenye msumari, sijui kwa nini. Labda nilitaka Kimya aione kila anapopita.

"Ndiyo hiyo iliyokuwepo siku ile?" akauliza.

"Ndiyo."

Akaishika, akaiwasha, akaizima. Kisha akaniuliza kitambaa cha lile koti kilikuwa rangi gani. Nikamwambia chekundu. Akaigeuza tochi mkononi. "Na koti lenyewe?"

"Kaki iliyopauka."

"Funga madirisha, mwanangu. Funga na mlango. Lete koti."

Koti la Mrefu nililifua damu na kuliweka sandukuni. Nikalitundika ukutani. Nilifunga kila kitu, hata nikaziba ufa wa mlango kwa gunia. Chumba kikawa giza. Mzee Mgodi akawasha ile tochi, akamulika koti.

Kitambaa hakikuwepo.

Nilisogea karibu. Niliona koti zima, mifuko, kola, hata kifungo kilichokatika. Kifua kizima kilikuwa na rangi moja. Nikapeleka mkono, nikagusa mshono wangu mwenyewe. Kitambaa kipo, vidole vinakigusa, macho hayakioni. Nikakaa sakafuni.

"Chini ya mwanga mwekundu," mzee akasema taratibu, "kitu chekundu na kitu cheupe au kaki hufanana. Mgodini tulifundishwa hivyo siku ya kwanza. Mumeo hakusema uongo. Hakikuonekana."

"Na muuzaji je? Alimdanganya?"

"Hapana. Wanyama wengi hawauoni vizuri mwanga mwekundu. Alimweleza nusu. Nusu ya pili ndiyo iliyomuumiza mdogo wako."

Nilifungua mlango. Kimya alikuwa nje, jembe mkononi. Nilimwomba msamaha hapo hapo, mbele ya mzee wa watu. Nilimwambia, "Ulisema kweli na mimi nilikuita mwongo." Aliweka jembe chini. Alilia bila sauti, kama anavyofanya mambo yake yote.

Siku hiyo hiyo nilimfuata Mrefu. Hakutaka kuja. Nikamwambia, "Hutaki kuongea naye, usiongee. Njoo uongee na koti lako." Akaja na gongo lake. Tukafunga chumba tena, Kimya na Mzee Mgodi wakiwa ndani. Aliangalia muda mrefu sana. Kisha akasema, "Kwa hiyo tulijiwekea alama, halafu tukanunua taa ya kuifuta."

"Maji yamekwisha kumwagika," Mzee Mgodi akasema. "Sasa sikilizeni. Tochi ya kichwani ni kitu kizuri. Inaacha mikono yako huru. Lakini unayoichagua lazima iwe na mwanga mweupe. Mweupe wa aina mbili: mpana wa kutembea, uone shimo na mwenzako, na mrefu wa kutambua kilicho mbali. Ikiwa na mwekundu pia, sawa. Huo ni wa kuangalia mikono yako, au saa. Hulengi kitu kwa mwekundu."

"Niliwahi kusikia kwamba ukiona macho yanang'aa ni mnyama," Mrefu akasema.

"Macho ya mbwa wako hayang'ai? Ya ng'ombe wa jirani? Macho si mwili. Mpaka umemwona mzima, na umeona kilicho nyuma yake, kidole kisikaribie kifyatulio. Usipokuwa na hakika, rudi nyumbani ukalale. Nguruwe atakuja kesho. Shemeji haji mara mbili."

Hakuna aliyecheka.

Kimya akauliza swali. Ndiyo, Kimya. "Ile iliyoandikwa ina mwanga mkali kuliko zote, ndiyo bora?"

"Uliza inadumu saa ngapi kwa mwanga huo mkali. Nyingine zinawaka kama jua kwa nusu saa, halafu unabaki kipofu. Kwenye ukungu mwanga mkali sana unakurudia usoni. Chukua ya kiasi, inayodumu, isiyoingia maji. Ijaribu kichwani hapo dukani, uiname, uone kama inateleza. Bonyeza swichi umefumba macho, ujue mweupe uko wapi. Na mfukoni uwe na tochi ya pili. Mgodini hakuna aliyeshuka na taa moja."

"Na vitambaa?" nikauliza. Hilo lilikuwa langu.

"Weka vile vya mafundi wa barabara. Vinavyong'aa vikipigwa na mwanga. Mbele, nyuma, na mikononi."

Nilifumua vitambaa vyekundu vyote vinne. Nilishona vipya kwa uzi maradufu. Kimya na Mrefu walikwenda dukani pamoja, wakazunguka maduka matatu, wakavaa kila tochi na kuinama mbele ya wauzaji kama watu wanaosali, mpaka wakapata inayofaa. Afisa wanyamapori alipokuja, tulifunga chumba tukamwonyesha koti na tochi zote mbili, ya zamani na mpya. Aliangalia, akauliza maswali mengi. Aliwaongezea sharti moja: anayesogea mahali pake huita kwanza, hata kama nguruwe wote watakimbia. Ndipo akawarudishia kibali na bunduki.

Mavuno yaliyofuata tulijaza ghala. Nguruwe waliuawa wanne, waliobaki wakahamia mbali.

Lakini ninachokumbuka ni jioni ile ya kwanza ya kuwinda tena. Kimya alisimama mlangoni na tochi mkononi, hakuivaa. Mrefu akaichukua, akamvika, akambania mkanda vizuri nyuma ya kichwa. Kisha akashika gongo, akaenda hadi mwanzo wa mahindi, hatua ishirini. Akageuka, akainama kama siku ile.

"Shemeji, unaniona?"

Kimya akawasha mwanga mweupe. Vitambaa vikang'aa kifuani na mikononi.

"Nakuona," akasema. Halafu akarudia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. "Nakuona, ndugu yangu. Nakuona."