Ati Satelaiti Ilikatika

"Usinisalimie kwanza," Mzee Kiptanui alisema. "Acha hiyo mkono."

Janeffer alibaki na mkono hewani, sanduku likiwa bado kwenye nyasi. Alikuwa amekaa mbali na nyumbani Kimulot karibu miezi miwili, na njia nzima alikuwa akiwaza jinsi baba yake atakavyomcheka kwa kunenepa.

"Baba, nimekosa nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe, Baba."

"Wageni walikuja hapa. Watu wa Onchiri, na wazee wao, na kreti za soda. Ndugu zangu hawakutaka mkwe Mkisii, unajua. Mimi nikasimama nikawaambia, binti yangu Chepyegon anajua anataka nani, mtamsikia mwenyewe. Tukangoja neno lako mpaka chai ikapoa. Ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Niliandika."

"Uliandika wapi? Onchiri alikuja mikono mitupu. Akasema hakuna kitu imetoka kwa meli. Kijana wa watu anatoka jasho, tukamhurumia. Kaka yangu akasema msichana akinyamaza amekataa. Wakapanda gari wakaenda."

Mama yake, Marcella, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso.

"Na sasa Onchiri amechumbia kwao," alisema polepole. "Ule msichana wa kuchapa barua pale ofisini kwake. Velma."

"Mimi simlaumu," mzee alisema, akaingia ndani.

Sasa ngoja nikueleze habari ya hiyo meli, maana bila meli hutajua huyu dada alifanyiwa nini.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Janeffer alikuwa akimtunza Memsabu Elmina, mjane wa meneja wa zamani wa shamba la chai, mama mzee mwenye nyonga mbovu aliyekataa kurudi kwao Ulaya hata baada ya kumzika mumewe Kericho. Memsabu aliamua kwamba kabla hajafa ataiona milima ya barafu ya Norwe, na hawezi kwenda bila Janeffer. Basi msichana wa Kimulot akawa abiria wa meli ya starehe, anatandikiwa kitanda na watu wengine.

Meli ilijisifu kwa kitu kipya kabisa: intaneti ya satelaiti, katikati ya bahari. Kulikuwa na chumba chenye zulia na kompyuta zake, na nje ya mlango foleni ya wazungu wenye hasira. Dakika ziliuzwa kwa dola, na zilihesabiwa hata kama hakuna kilichofunguka. Mmarekani mmoja alitaka kuona bei ya hisa zake, akaishia kuona saa ndogo inazunguka. Bibi harusi alitaka kuwatumia wazazi wake picha, dakika zikamwishia picha ikiwa imefika kwenye paji la uso. Kijana wa meli aliyevaa nguo nyeupe aliwatuliza kila mara kwa maneno yale yale, kwamba milima imeikinga satelaiti, meli ikigeuka itarudi. Na iliporudi watu walipiga makofi kama wako kanisani.

Nyumbani, koito ilikuwa imepangiwa Jumamosi. Koito ni ile siku ya posa, pande mbili zinakaa chini, na msichana anaulizwa mbele ya watu wote kama anawakubali wageni. Mzee Kiptanui alikuwa amesema wazi: hatoi binti ambaye hajasikia neno lake, hata kama litakuja kwa barua. Na mpenzi wa Janeffer alikuwa nani? Noah Onchiri, mwenye ofisi ya kompyuta pale Kericho, ambaye nusu ya mji ilitumia anwani yake moja kupokea barua za intaneti. Unaandika jina la mwenyewe juu, Onchiri anachapisha, anapeleka. Nani angekuwa na njia salama kuliko hiyo?

Jumanne ya wiki hiyo Memsabu alinunua dakika. Zilikuwa chache.

"Sisi naandika moja tu," alisema kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Ya mimi juu, ya wewe chini. Bwana Onchiri nakata na makasi."

Juu wakaandika mambo ya mbwa wa Memsabu, anayeitwa Meja, aliyeachwa akiugua sikio. Chini Janeffer akaandika haraka: Baba, mimi Chepyegon. Wageni wakifika waambie nimewakubali. Onchiri ndiye ninayemtaka. Nisamehe kwa kuwa mbali.

Kompyuta ikasema imekwenda. Jioni yake meli iliingia kati ya milima, satelaiti ikapotea, na chumba kikafungwa hadi mwisho wa safari. Abiria walinung'unika. Janeffer alilala usingizi mtamu, akijiona tayari ni mke wa mtu.

Kwa hiyo baba yake alipomwambia hakuna kilichofika, unadhani alimshuku nani? Aliishuku mbingu. Si alikuwa ameiona mwenyewe ikikatika?

Kesho yake alipiga simu kutoka kibanda cha sokoni.

"Hallo, Onchiri?"

"Janeffer. Umerudi."

"Nimerudi. Ni ukweli, mambo ya Velma?"

"Sasa ningefanya aje? Nilikaa kwa hiyo kompyuta siku nne nikingoja. Hakuna kitu. Satelaiti ikikatika imekatika, hiyo ni kitu iko huko juu, hakuna mtu anaweza kushika. Nikaenda mbele ya wazee wenu nikaaibika. Nikasema pengine umepata mzungu."

"Sikupata mtu. Nilisema ndiyo, Onchiri. Naapa."

"Haikufika."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, Janeffer. Ni vile tu maisha imesonga."

Ukisikia mtu ana uso mkavu, ndio huo. Msichana analia kwenye simu akiomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na jamaa anaipokea hiyo radhi kama haki yake.

Jumatatu Janeffer alirudi kazini. Memsabu alikuwa amekaa barazani, kichwa cha Meja kikiwa mapajani, anachunguza sikio la mbwa na kutabasamu.

"Kipkurui," alimwita mtu wa bustani. "Hii masikio napona kabisa. Wewe nafanya kazi mzuri."

"Asante, Memsabu. Nilibadilisha dawa vile mliniandikia."

Janeffer alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini.

"Kuandikiwa na nani, Kipkurui?"

"Na nyinyi, sista. Ile barua ya meli. Niache ile chupa ya manjano, nitumie ile iko kwa friji, asubuhi na jioni."

"Nani alikuletea?"

"Onchiri mwenyewe, na pikipiki. Hiyo wiki yenu ya koito. Ilikuwa Jumatano, mbwa alianza dawa siku hiyo hiyo."

"Ilikuwa karatasi nzima?"

"Kipande tu. Ilikuwa imekatwa hapa chini na makasi, ikakatwa vizuri."

Janeffer alikaa kwenye ngazi. Hakulia. Jumatano. Barua ilifika Jumatano, siku tatu kabla ya wageni, na mbwa akapata yake.

"Janeffer, wewe nagonjwa?" Memsabu aliuliza.

"Hapana, Memsabu. Naomba ruhusa nifike town."

Ofisi ya Onchiri ilikuwa na wateja wawili. Velma alikuwa kwenye meza yake, msichana mtulivu mwenye nywele za kusuka, anapiga chapa. Onchiri alimwona Janeffer mlangoni, akasimama haraka mno.

"Tutoke nje tuongee," alisema.

"Hapana. Hapa hapa."

"Janeffer, kuna wateja."

"Mbwa wa Memsabu amepona sikio," Janeffer alisema. "Nimekuja kukushukuru. Ulimpelekea barua yake Jumatano, na pikipiki, ukichoma mafuta yako."

Onchiri aliwaangalia wateja wake.

"Ilikuwa barua moja, Onchiri. Juu mbwa, chini mimi. Satelaiti ilikatikia wapi? Katikati ya karatasi?"

Velma aliacha kupiga chapa.

"Memsabu angeuliza ya mbwa," Onchiri alisema kwa sauti ya chini. "Ni mteja mkubwa. Ya mbwa singeweza kuficha."

"Na yangu?"

"Mama yangu alikuwa ameniambia nikikuoa hatakanyaga kwangu. Kila siku, asubuhi, jioni, ni hiyo wimbo. Nikachoka. Na singeweza kukuangalia nikuambie nimekataa. Nikaona nikinyamazisha hiyo karatasi, kila mtu ataenda nyumbani bila kelele."

"Mimi ndiye nikabaki na kelele. Baba yangu hanisalimii."

"Niliteseka pia."

"Onchiri, usiniambie."

Velma alikuwa amesimama. Hakumtazama Janeffer, alimtazama mchumba wake.

"Uliniambia alikukataa," alisema. "Uliketi hapo ukalia. Mimi nilikuwa nakuhurumia. Ndio nikakupenda."

"Velma, ngoja nikuelezee."

"Hutanielezea mimi. Utaenda uelezee mzee wake, mbele ya wale wale watu. Dada, siku gani wanaweza kukutana?"

"Jumamosi," Janeffer alisema.

"Tutakuja. Nitamleta mimi."

Nikwambie ukweli ambao Janeffer hakumwambia mtu yeyote wiki hiyo. Bado alikuwa anampenda. Ndiyo, baada ya yote hayo. Usiku na mchana alipiga hesabu moja tu moyoni: akija, akasimama mbele ya baba akasema kwa mdomo wake kwamba aliificha barua kwa woga, nitamkubali. Na Velma? Alijua ni dhuluma kwa Velma, na bado alitaka. Mapenzi hayana adabu, na mimi simtetei.

Jumamosi wazee walikaa uani Kimulot, ndugu zake Mzee Kiptanui wote, pamoja na yule kaka aliyesema kimya ni kukataa. Onchiri alifika amevaa suti, Velma nyuma yake. Mzee hakusema mengi.

"Nasikia uko na neno. Sema, tunasikia."

Onchiri alisimama. Aliwatazama wale wazee mmoja mmoja. Janeffer, aliyekuwa mlangoni pa jikoni, alijikuta anasema kimoyomoyo, sema, sema tu, nakuomba.

"Wazee wangu," Onchiri alianza, "mimi nimekuja kuomba msamaha kwa yale yalitokea. Hizi mashine ni mpya. Hata sisi wenye kufanya hiyo kazi hatujaielewa vizuri. Inaonekana barua ilifika lakini ilifika kama imekatika. Sehemu moja ikaingia, sehemu ingine ikapotea. Ni satelaiti, wazee. Hakuna mtu wa kulaumu."

Akakaa.

Mzee mmoja alitikisa kichwa kukubali. Nani uani pale angebishana na kitu kilicho juu mbinguni?

"Anadanganya," Velma alisema.

Watu wote waligeuka.

"Mimi ni mgeni hapa na ni msichana, mnisamehe. Barua ilifika yote. Aliikata na makasi yake, akatupa ile ya binti yenu. Amekubali mbele yangu na mbele ya wateja. Binti yenu alisema ndiyo."

Aliketi chini, akavua pete ya uchumba bila haraka na kuiweka kwenye goti la Onchiri. Pete ikateleza ikaanguka kwenye nyasi, na Onchiri akainama kuitafuta, mbele ya wazee wote, suti yake ikijikunja mgongoni. Aliitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mzee Kiptanui hakumtazama tena. Alimgeukia binti yake.

"Chepyegon. Kuja hapa."

Akaja.

"Nilikukosea. Nilikunyima mkono wangu." Akautoa, na Janeffer akaushika kwa mikono yake miwili. "Sasa nakuuliza mbele ya hawa. Huyu mtu bado unamtaka?"

"Baba, asubuhi ya leo nilikuwa namtaka."

Onchiri aliinua kichwa.

"Kama angesema ukweli hapa, kidogo tu, ningemchukua. Nilikuwa nimeshaamua. Ningemwomba huyu dada radhi na ningemchukua. Sasa nimemsikia. Akiniogopa mimi, akamwogopa mama yake, akawaogopa nyinyi, siku moja mtoto wangu akiugua atasema ni satelaiti."

"Janeffer," Onchiri alisema, "nipe nafasi nyingine."

"Ulikuwa nayo sasa hivi."

Alirudi jikoni, akausukuma mlango nyuma yake, na humo ndani alilia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Wote uani walimsikia. Aliulilia ule usingizi mtamu wa baharini alipodhani ana mume, na alijililia mwenyewe, kwa sababu hata sasa moyo ulikuwa haujakubali kumchukia.

Velma alikuwa wa kwanza kuinuka. Marcella alimsindikiza hadi barabarani akiwa amemshika mkono, wakisimama kila hatua chache, kama mama na binti yake.

Aliporudi, alimkuta Onchiri anasimama kuondoka. Kwa miaka miwili kijana huyu alikuwa akiingia jikoni kwake bila hodi, anachukua kibuyu cha mursik mwenyewe, anajimiminia maziwa, anamwita mama, na yeye anamfokea kwa ulafi wake huku akicheka. Leo Marcella aliingia jikoni akampita binti yake, akatoka na kikombe cha wageni juu ya sahani, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa kwanza," alisema. "Kwetu mtu haendi bila maziwa."

Onchiri alikunywa yote akiwa amesimama, macho yamemjaa machozi. Akarudisha kikombe.

"Asante, mama."

"Karibu siku ingine," Marcella alimjibu, kwa upole ule ule anaomjibu nao mtu yeyote aliyepita akiuliza njia.