Kikapu Ndani ya Friza

Kaze alikuwa akipanga barafu za juisi ya tunda la marakuja ndani ya friza. Mwanamke asiyemjua akasimama mlangoni.

"Mwaramutse. Naitwa Daphrose, natoka jumba la makumbusho. Tunaandaa maonyesho mapya. Tutaweka vikapu vya kina mama, na kando yake nyasi zilizotumika kuvisuka, na ndege wanaojenga viota kwa nyasi hizohizo. Jirani yenu ameniambia mna kikapu cha zamani."

Usumani, mume wa Kaze, alisimamisha cherehani. Duka lao la mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, lilikuwa chumba kimoja. Yeye alishona upande huu, mkewe akauza barafu upande ule.

"Kipo," alisema. "Alikisuka marehemu mama yangu."

Kaze alikishusha kutoka juu ya kabati. Unga laini ukammwagikia mkononi.

"Vumbi tu," alisema Usumani.

"Hapana, kaka. Kuna wadudu ndani, wanatafuna nyasi. Mkikiacha hivi, mwakani mtabaki na unga."

Kaze alishtuka. Hawakuwa hata na picha ya mama mkwe. Kikapu hicho ndicho kilichobaki cha mikono yake.

"Iko dawa ya mende hapa!" Usumani alisema, akainuka.

"Usipulize!" Daphrose alimzuia. "Itaacha madoa, na sumu itabaki humo. Ukikianika juani, rangi itafifia. Dawa ya wadudu hawa ni baridi kali. Kifungwe vizuri, kikae kwenye friza wiki mbili. Friza yetu imejaa ndege waliokaushwa kwa ajili ya maonyesho. Nami siwezi kupokea kikapu chenye wadudu, watahamia vingine."

"Na barafu zangu?" aliuliza Kaze.

"Ukifungua-fungua, baridi inapungua, wadudu wanapona."

Kiangazi kilikuwa kimeanza. Barafu zilikuwa zikiisha kabla ya adhuhuri. Kaze alikitazama kikapu, kisha friza.

"Leo nitauza zote," alisema. "Baada ya hapo sitaifungua."

Usumani alicheka. "Kikapu kilale kwenye baridi kama samaki! Sha, kikipona, siku ya maonyesho nafunga duka!"

"Umesema mbele ya mgeni," alisema Kaze.

Jioni Daphrose alirudi. Alikizungushia kikapu kitambaa safi cha pamba, kisha plastiki nzito.

"Plastiki? Kigali hii, ilikopigwa marufuku?" Usumani alitoa macho. "Tutakamatwa sote!"

"Hii ni ya kazi, ina kibali. Kazi ikiisha nitaondoka nayo."

Kuanzia kesho yake watoto walikuja na kiu. "Mama Kaze, barafu iko wapi?"

"Friza iko na mgonjwa. Haruhusiwi wageni."

Akawauzia mandazi. Wengi walikwenda duka la jirani. Kaze hakufungua.

Wiki mbili zilipokwisha, Daphrose alikitoa kikapu. "Msikifungue bado. Kikae hivyohivyo mpaka kesho, baridi itoke. Mkiharakisha, kitashika maji na kuota ukungu."

Kesho yake walikipangusa taratibu kwa brashi laini, wakakiweka juu ya kitambaa cheupe. Siku zikapita. Kitambaa kilibaki cheupe, bila hata chembe ya unga. Kaze alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Daphrose akakipeleka makumbusho.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi, Idi ikiwa imekaribia. Asubuhi hiyo wateja walijaa mlangoni, kila mmoja akidai nguo yake. Daphrose alituma picha kwenye simu. Kikapu kilikuwa ndani ya kioo. Chini yake paliandikwa: Kimesukwa na Mwamini Zura, Rwezamenyo.

Kaze alimwonyesha mumewe. "Kama huwezi, baki tu," alisema kwa upole. "Watu ni wengi."

Usumani aliitazama picha kwa muda mrefu. Akakata uzi, akafunika cherehani.

"Usumani! Na kanzu yangu?" mzee mmoja alifoka.

"Kesho, mzee wangu, inshallah, hata kama sitalala."

Wateja wawili walichukua vitambaa vyao, wakaenda kwa fundi mwingine. Usumani aliwaona. Akavuta mlango, akatia kufuli.

"Mnisamehe," aliwaambia waliobaki. "Leo nakwenda kumwona mama."